Jedwali la Mizinga

Kazi niliyosifiwa kuliko zote maishani mwangu ni jedwali la mizinga ya nyuki nililolitengeneza kwenye kompyuta ya kwanza ya ofisi yetu, Mpanda, miaka ya tisini. Mpaka leo nikikutana na watu wa ofisi za siku zile, hunishika mkono na kuniuliza, "Si wewe ndiye yule dada wa kompyuta?" Nasema ndiyo. Wengine huongeza kwamba jedwali lile lilikuwa zuri sana, mpaka likatumika mradi baada ya mradi. Hapo ndipo ninapoanza kutafuta sababu ya kuondoka.

Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na vitu vya maana vilitufikia kwa treni kutoka Tabora, vikiwa vimechelewa na kuvunjika kona moja. Kompyuta nayo ilikuja hivyo hivyo, ndani ya maboksi matatu, pamoja na printa iliyopiga kelele kama mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa mradi wa ufugaji nyuki. Nilisomea uhazili, nilijua kupiga chapa bila kutazama vidole, basi ikaonekana ni mimi ninayefaa. Mtaalamu mmoja aliletwa kutoka Dar es Salaam akakaa nasi wiki tatu. Alinifundisha kuwasha, kuzima, kuhifadhi kazi kwenye diski, na kutengeneza kile tulichokiita databesi. Alipoondoka, kompyuta ikabaki yangu. Niliishonea kifuniko cha kitenge kwa sababu ya vumbi, na mtu asiyenawa mikono nilimfukuza, hata awe mkubwa wa ofisi. Jenereta iliwashwa saa mbili asubuhi ikazimwa saa sita mchana, na kati ya saa hizo nilikuwa mtu muhimu kuliko nilivyopata kuwa kabla au baada ya hapo.

Jedwali lenyewe lilikuwa jepesi, na wepesi wake ndio uliosifiwa. Kila mzinga ulikuwa na mstari wake. Kwanza namba, ile iliyochomwa kwa chuma cha moto ubavuni mwa mzinga. Halafu jina la msitu, tarehe ya ukaguzi, na mwisho hali ya mzinga. Hali iliandikwa kwa herufi moja tu. N, nyuki wamo. T, mtupu. H, wamehama. Niliwahi kumwuliza mtaalamu kama nisiweke na nafasi ya maelezo, kwa mfano mkaguzi akikuta siafu au alama za moto. Akacheka. Akasema kompyuta haitaki hadithi, inataka kitu cha kuhesabu, na diski zetu hazina nafasi ya hadithi. Nilimwamini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano na nilikuwa napenda kuonekana mtu asiyetaka hadithi.

Kitu kimoja hakukijua, nami sikukijua: mzinga uhesabiwe lini kuwa umehamwa? Hilo nilimwuliza baba.

Baba alikuwa mrina asali wa Ugalla, kama baba yake. Nilipanda treni Ijumaa, nikashuka kituoni, nikamkuta nyuma ya nyumba anachonga mzinga kwa tezo. Nilikaa juu ya gogo nikamweleza shida yangu. Hakuacha kuchonga.

"Mara moja si neno," akasema. "Wanaweza kutoka kwa sababu ya moshi, au maji yamekauka, halafu wakarudi. Lakini ukiukuta mtupu mara mbili, hao wamehama. Usipoteze siku yako kuwangoja."

Jumatatu nikaiandika kama amri ndani ya kompyuta. Kila T mbili zikifuatana, kompyuta yenyewe inabadilisha kuwa H, na mzinga unaondoka kwenye orodha ya kukaguliwa. Gari lisihangaike bure msituni, mafuta yasipotee. Mratibu wa mradi, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata masika, alifurahi mpaka akanipeleka mbele ya wafadhili niwaonyeshe. Baba naye alisikia. Watu waliniambia kwamba pale kituoni alikuwa anasimulia kila abiria kwamba kompyuta ya Mpanda inasema maneno yake, na anayeibonyeza ni binti yake. Niliona haya, lakini kichwa kilivimba.

Mradi wa nyuki ulipoisha ukaja wa visima vya pampu. Mratibu alikuwa yule yule, ofisi ile ile, kompyuta ile ile.

"Tumia lile lile," akaniambia. "Badilisha majina tu."

Nikabadilisha majina. Palipoandikwa Mzinga nikaweka Kisima, palipoandikwa Msitu nikaweka Kijiji. Herufi sikuzigusa, kwa sababu ndani ya programu kila kitu kilizitegemea, na kuzigusa kungekuwa kuanza upya. Kisima kikikutwa kikavu mara mbili kinaandikwa H na fundi hapelekwi tena. Ilifanya kazi vizuri sana. Laiti ingeharibika hapo.

Ukaja wa mbegu, upande wa Mamba na Kibaoni. Tumia lile lile. Safari hii mstari ulikuwa wa mkulima, na mkaguzi alipita nyumbani kwake kuona kama bado yupo na analima. Siku moja akaingia ofisini mzee mmoja wa Kibaoni, amekuja mpaka Mpanda kwa baiskeli, suruali imejaa tope hadi magotini. Alisema ametolewa kwenye mradi, kaambiwa amehama, na yeye tangu azaliwe hajahama. Tukatafuta. Mkaguzi alikuwa amemkosa mara mbili nyumbani.

"Sa mlitaka nikae nyumbani?" akauliza. "Mpunga uko bondeni, ndege wanakula, nimejenga kibanda huko na familia nzima. Nyie mnakuja nyumbani kufanya nini?"

Tulicheka. Mratibu alicheka, dereva alicheka, na mimi nilicheka. Nikamrudisha kwa mkono, dakika moja tu, nikamwonyesha jina lake kwenye skrini akaridhika. Baadaye dereva akawa anamwita mzinga. Sikubadilisha kitu. Mtu mmoja amekuja kwa baiskeli kuniambia kosa la kazi yangu, nikampa maji ya kunywa, nikaagana naye.

Katikati ya mambo hayo mama alifariki. Sitaeleza sana, alikuwa ameumwa muda mrefu na tulijua. Ambalo sikulijua ni kwamba baba angeoa kabla ya miezi minne. Nilikwenda nyumbani kwa likizo fupi nikamkuta mwanamke jikoni kwa mama, amekalia kigoda cha mama, anasonga ugali kwa mwiko wa mama. Akasimama kunisalimu, akapiga goti kabisa. Sikuitikia. Baba akatoka ndani, akasema, "Huyu ni mama yako mdogo, msalimie."

Nilisema maneno mengi mbele ya majirani. La mwisho lilikuwa kwamba maadamu mwanamke yule yupo pale, mimi sina kwetu. Nikarudi kituoni nikakaa juu ya sanduku langu mpaka treni ikaja siku ya pili.

Zaidi ya mwaka sikukanyaga. Nilituma sabuni na sukari kwa watu wanaosafiri, bila barua. Naye alinitumia asali katika dumu dogo, bila salamu. Asali nilikuwa nagawa ofisini. Ulikuwa ugomvi wa watu wawili wanaofanana, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake achoke kwanza. Nilijua atachoka yeye. Mimi ndiye niliyekuwa na haki, na haki ile niliitunza vizuri kuliko nilivyoitunza ile kompyuta.

Halafu ukaja mradi wa kifua kikuu.

Zahanati za mbali zilikuwa zinaishiwa dawa, wagonjwa wanaacha katikati, wanarudi wakiwa na hali mbaya zaidi. Mradi wetu ulipewa kazi ya kufunga dawa za kila mgonjwa kwenye pakiti yake, mwezi kwa mwezi, na kuzipeleka kwa gari. Kila pakiti ilikuwa na namba ya mgonjwa, na pakiti zilifungwa kwa orodha iliyotoka kwenye printa yangu. Majina hayakuwemo. Majina yalikaa kwenye rejesta za zahanati, zimefungiwa kabatini, kwa sababu ugonjwa ule watu walikuwa wanauonea aibu. Mimi niliona namba tu.

Mratibu alikuja na karatasi za wafadhili mkononi. "Unajua nitasema nini," akasema.

Nilijua. Mzinga ukawa Mgonjwa. Msitu ukawa Zahanati. Ukaguzi ukawa Ziara, maana kila mwezi mhudumu alipaswa kupita nyumbani kwa mgonjwa kumwona kwa macho. N, yupo. T, hayupo. H, amehama. Asubuhi mbili zilinitosha. Sikutoa hata jasho. Mratibu akawaandikia wafadhili kwamba mfumo uko tayari na haukugharimu chochote, na barua yao ya kushukuru aliibandika ukutani juu ya kiti changu.

Mwaka ule ule mtu aliyetoka Ugalla aliniambia baba anakohoa damu, yuko kwenye sindano zahanati. Namkumbuka mtu huyo, alikuwa amebeba kuku wawili, na nilizungumza naye nimesimama mlangoni.

"Mwambie apone," nikasema.

Nilitaka kusema zaidi. Niliuma ulimi kwa sababu nilijua maneno yangu yatafikishwa mbele ya mwanamke yule. Baadaye nikasikia kamaliza sindano salama, kaanza vidonge, kanenepa, anacheka. Nikajiambia basi, msimu wa asali ukiisha nitakwenda. Nilishaanza kuchoka mimi, ingawa nisingekubali mtu ajue.

Mtu yeyote aliyekulia Ugalla anajua kwamba asali ikikomaa, mwanamume hakai nyumbani. Anaingia porini na unga, chumvi, kamba na shoka, anakaa majuma hata matano, sita, kwenye kambi yake, anazunguka mizinga yake mmoja mmoja. Nyumba zinabaki na wanawake na watoto. Mtu mzima ukimkuta anazagaa kijijini miezi ile utauliza anaumwa nini. Tabibu wa zahanati ya kwetu alilijua hilo, naye alikuwa na desturi yake. Warina asali waliokuwa kwenye vidonge aliwapa pakiti mbili au tatu kwa mpigo kabla hawajaondoka, akiazima za mwezi unaofuata. Waliziita dawa za porini. Wanaume wale walimeza vidonge vyao kambini kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, na wakirudi wanaleta karatasi tupu za pakiti kumwonyesha. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo mahali popote, kwa sababu kwao haikuwa jambo la kuandika.

Mimi nilizaliwa na kukulia humo. Nilikuwa najua. Sijui niliyaweka wapi maarifa yangu wakati nabonyeza.

Mwezi wa sita zililetwa fomu za ziara, bahasha nene, nami nikaingiza. N, N, N, T, N, T, T. Nilikuwa na kasi. Mwezi wa saba hivyo hivyo. Mwezi wa nane printa ikatoa orodha, wafungaji wakafunga, gari likaondoka. Orodha ilikuwa fupi kidogo upande wa Ugalla. Niliona. Nilifikiri wamemaliza dozi, nikafurahi.

Desemba mvua zikiwa zimeshika, mtoto wa mhudumu wa hospitali ya wilaya alitumwa ofisini kuniita. Baba alikuwa ameshushwa na treni ya asubuhi, kabebwa kwenye blanketi. Nilipofika wodini nilimpita kitandani mara ya kwanza bila kumtambua. Mama mdogo alikuwa ameketi sakafuni, khanga imelowa, akasimama akapiga goti vile vile. Safari hii niliitikia, kwa mdomo tu.

Nilimuuguza siku nane. Asubuhi nilikwenda na uji kabla ya kazi, mchana jenereta ikizimwa narudi. Mama mdogo alilala hapo hapo chini. Tulipokezana bakuli na beseni bila kutazamana. Baba alizungumza kidogo, habari za treni, habari za jirani aliyeuza shamba. Hakuniuliza kwa nini sikuja. Nami sikumwuliza kwa nini aliacha dawa, kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu langu: aliyepaswa kumwangalia hakumwangalia.

Siku ya sita, asubuhi, mama mdogo alikuwa ametoka kufua. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Akanishika mkono.

"Mama," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo. "Lile ulilonifanyia mwaka huu, nimelipokea. Mimi nilimkosea mama yako. Niliharakisha."

Nilijua anasema habari ya kususa kwangu. Nilitaka kulia na nilitaka kumgombeza, vyote kwa pamoja.

"Nilikuwa na hasira, baba."

"Ulikusudia?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusingizia kazi, likizo, treni. Lakini niliona mtu mzima aliye katika hali ile anastahili kuambiwa kweli, na sitaficha kwamba nilikuwa bado naionea fahari hasira yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikusudia."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko uso. "Basi yameisha," akasema. "Nipe uji."

Akaumaliza wote. Siku mbili baadaye akafariki, saa tano asubuhi, nikiwa ofisini.

Tulimrudisha Ugalla kwa treni. Siku ya mazishi, watu wakiwa bado wamekaa uani, nilimfuata mama mdogo alipokuwa anagawa chakula, nikamwuliza kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Vidonge tu? Ulishindwa hata kumpa mtu vidonge?" Shangazi zangu wakanivuta. Mama mdogo alisimama na sufuria mikononi. Akaendelea kugawa.

Januari nikarudi kazini. Zahanati zilitakiwa kufunga mwaka, zikaleta nakala za rejesta zao, safari hii na majina, tuzilinganishe na kompyuta. Ya Ugalla niliifungua mwenyewe. Nilitafuta jina la baba, si kwa sababu ya kazi. Nikalikuta, mbele yake mwandiko wa tabibu: vidonge mpaka mwisho wa mwezi wa saba, amemeza vyote, karatasi amerudisha. Kisha: kuanzia mwezi wa nane pakiti haikuja, namba haimo kwenye orodha.

Niliisoma kama mara tatu. Kisha nikapiga namba yake kwenye kibodi, na kompyuta ikanipa mstari wake. H.

Nikaenda kabatini nikatoa bahasha za mwezi wa sita na wa saba. Fomu zake nilizipata zote mbili. Kwenye nafasi ya hali mhudumu alikuwa ameweka T, kama alivyofundishwa. Pembeni, kwa penseli, ameandika: yuko porini, dawa anazo. Mwezi wa saba tena: bado porini, mke wake anasema anaendelea vizuri. Mhudumu yule hakuwa na mahali pengine pa kuandika, ndiyo maana aliandika pembeni. Na mimi fomu zile zilipita mikononi mwangu, moja baada ya nyingine, macho yangu yakitafuta herufi. Kando ya fomu sikusoma, kwa sababu jedwali langu halikuwa na mahali pa kuweka maneno yale. Mgonjwa kakutwa mtupu mara mbili. Kahama. Usipoteze siku yako kumngoja.

Nilitafuta wengine. Walikuwepo, wote wa upande ule, wote wanaume, wote H za mwezi wa nane. Kwa hao tabibu alikuwa ameuliza pembeni mwa karatasi za zahanati pakiti zao ziko wapi; nako sikuwa nimesoma. Nikawarudisha mmoja mmoja, kwa mkono, na nikaiondoa ile amri. Nilifanya hivyo kabla jenereta haijazimwa. Baadhi yao gari lilipokwenda liliwakuta. Kuhusu wengine tabibu alituma jibu fupi ambalo sitaki kulirudia.

Nilimpelekea mratibu rejesta, fomu na karatasi ya kompyuta, nikavipanga mezani kwake. Nilimweleza yote. Nilimwambia mmoja wao ni baba yangu. Alivua miwani. Alisema pole, na nadhani aliisema kwa moyo. Kisha akasema ripoti ilishakwenda, na kwenye ripoti wale wamehesabiwa kama waliohama, na si vizuri kuwachanganya wafadhili sasa hivi, maana kuna mradi wa chanjo ya mifugo unakuja.

"Na huo tutatumia lile lile," akasema. "Wewe si umeshalirekebisha?"

Na mimi, binti wa marehemu, nililitumia. Nilibadilisha majina nikaweka Ng'ombe. Nilihitaji mshahara, na kama ningekataa angeletwa mwingine asiyejua kasoro iko wapi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Hata mimi inanichukiza nikiiandika.

Mwezi wa pili tulirudi Ugalla kumaliza msiba. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kumwomba radhi mama mdogo kwa yale ya mazishini, na kumwambia mwenye kosa nani. Nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua mchele wa shughuli. Nikapiga goti mimi. Akashtuka, akaniwekea mkeka. Nikamweleza: kompyuta, fomu, herufi, jinsi namba ya baba ilivyotoka kwenye orodha bila mtu yeyote kuamua itoke. Nilieleza vibaya, nikarudia. Alisikiliza mikono ikiwa imetulia kwenye ungo.

"Kwa hiyo hukumtoa wewe," akasema.

"Nimtoe mimi?"

Ndipo akaniambia. Mwezi wa nane baba alirudi kutoka porini mzima, akaenda zahanati na karatasi zake tupu, akaambiwa namba yake haimo. Za ziada hazikuwepo, kila pakiti ilikuwa na mwenyewe, na namba iliyotoka haikuwa na ya mwezi unaofuata ya kuazima. Tabibu akataka kuandika barua mjini siku hiyo hiyo. Baba akauliza orodha inatengenezwa na nani. Akaambiwa inatoka kwenye kompyuta ya mradi.

"Akasema, basi usiandike," mama mdogo akasema. "Akasema, hiyo kompyuta ni ya mwanangu. Kama kanitoa, ana sababu zake, nisimwaibishe kazini kwake. Tabibu alirudi tena hapa nyumbani, mwezi wa tisa, akamkatalia tena. Mimi nilimwambia mtoto hawezi kufanya vile. Nilimpigia magoti. Nikamwambia twende mjini ukamuulize mwenyewe, akakataa, mpaka alipokuwa hawezi tena kukataa ndio nikampandisha treni."

Aliweka ungo chini.

"Siku ile nimetoka kufua nikarudi, nikamkuta anatabasamu. Akasema, nimemuuliza. Amekubali, alikusudia. Hakunificha. Akasema, nimemsamehe, na wewe msamehe, akikutukana usimjibu."